Kambale, Masika, Muhindo: majina ya Wanande yanasema nini?

Mwalimu wa Butembo ao Beni akiita «Kambale» darasani, mara nyingi si mtoto mmoja anayejibu. Mgeni kutoka Bukavu ao Kisangani anaweza kuuliza: hawa wote ni wa familia moja? Hapana. Wengi hawana hata undugu. Kila mmoja wao ni mtoto mwanaume wa pili kwao, basi.

Kwa Wanande, jina linangojea mtoto hata mbele azaliwe. Mwanaume wa kwanza kwa kawaida ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Hilo la Mbusa nchi nzima inalijua kupitia mwanasiasa Antipas Mbusa Nyamwisi. Wasichana nao wana hesabu yao: Masika, Kavira, Kavugho, Kahambu, Katungu. Kuna familia zinazotumia majina mengine kwa nafasi hizo hizo, kwa mfano Mumbere kwa mwanaume wa kwanza.

Na Muhindo? Jina hilo linatoka kwenye neno la kugeuka. Mama akizaa wasichana wakifuatana, kisha mvulana akafika, huyo ndiye Muhindo: amegeuza mambo. Wavulana wakitangulia na msichana akafuata, anaitwa Kahindo.

Ngambo ya milima ya Rwenzori, katika wilaya ya Kasese nchini Uganda, Wakonzo wanahesabu vilevile. Kule Paluku ni Baluku, Kambale ni Bwambale, Kasereka ni Masereka, Katembo ni Thembo. Mpaka wa wakoloni ulipita katikati ya ndugu, lakini hesabu ya watoto ilibaki moja.

Kijijini mpango huo haukuleta shida. Ukisikia jina, unajua nani mkubwa, nani mdogo. Watu wakitaka kutofautisha, wanauliza tu: «Kambale wa nani?» Tena kila mtoto alikuwa na jina lingine, la babu ao la jambo lililotokea wakati wa kuzaliwa kwake.

Shida ilianza na makaratasi. Mwaka 1972 Mobutu, katika siasa yake ya «authenticité», alikataza majina ya kikristo. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko. Hapo ndipo «postnom» ilishika nafasi kwenye karatasi za serikali. Kisha prénom zikarudi, na leo Mkongomani anajaza sehemu tatu: nom, postnom, prénom.

Mnande wengi wanaandika Kambale kwenye sehemu ya nom. Lakini ofisi za inchi zingine zinafikiri nom ni jina la familia yote. Watoto watatu wa baba moja, mama moja, wanafika mpakani ao wanaomba masomo ngambo: mmoja Paluku, mwingine Kambale, wa tatu Masika. Ofisa anauliza: ninyi ni ndugu namna gani? Hapo inabidi kutafuta karatasi za kuhakikisha undugu. Ndiyo maana wazazi wengine siku hizi wanapatia watoto wote postnom moja, ya baba ao ya babu.

Vita imefanya jambo hili kuwa zito zaidi. Katika Beni na Lubero, familia zinakimbia usiku na watoto wanapotea njiani. Mtoto anayesema tu «Naitwa Kambale» amesema nafasi yake katika familia, lakini hajasema familia ni ipi. Katika kambi ya wakimbizi kunaweza kuwa akina Kambale wengi sana. Kwa hiyo ni vizuri mtoto ajue mapema majina yake yote, la baba, la mama, na la kijiji chao. Anaweza kujifunza hayo hata mbele ya kujua kuandika.

Na sheria inasaidia. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda mtoto, inasema mtoto aandikishwe kwenye état civil ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, na ni bure. Siku hizo zikipita, inabidi kupitia tribinali, na safari inakuwa ndefu. Siku ya kuandikisha, angalieni majina yaandikwe kwa mpangilio na herufi zile zile zitakazotumika shuleni na kwenye diploma. Kavugho akiandikwa Kabugho kwenye karatasi moja, kesho anaweza kuambiwa ni watu wawili.

Hakuna anayepaswa kuacha Kambale ao Masika kwa sababu ya fomu. Jina linalofuata ndilo litaonyesha ni Kambale wa nani, na hilo lisikose kwenye karatasi.