Aljebra Ilitoka Wapi? Deni, Wasia na Mirathi Katika Masomo ya Watoto Wetu

Ni jambo lisilofichika kwamba kijana wa Afrika Mashariki anayemaliza kidato cha nne huwa ameshakaa darasani zaidi ya miaka kumi. Katika miaka hiyo amejumlisha na kutoa sehemu, ametafuta Kigawe Kidogo cha Shirika, ametatua milinganyo na kuchora grafu zake. Lakini kijana huyo huyo anapofiwa na baba yake, wazee wakakaa ukumbini na kuuliza marehemu ameacha nini, alikuwa akidaiwa na nani, na kila mrithi ana fungu gani, yeye hunyamaza na kumwachia ami yake aseme. Na atakalolisema ami ndilo linalokuwa sheria ya nyumba ile, liwe la haki au la dhuluma.

Hatusemi haya kwa kuwabeza walimu, kwani wao hufundisha kile walichopewa katika mtaala. Tunachotaka kueleza katika makala hii ni kwamba elimu ya kuandikiana deni, kuandika wasia na kugawa mirathi ilikuwa ndani ya hesabu yenyewe tangu zamani, kisha ikatolewa. Waliobaki wakilipa gharama ya kutolewa huko ni wajane na mayatima.

Tuanze na deni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, nayo inahusu kuandikiana deni. Mwenyezi Mungu anaamrisha humo kwamba deni liwe na muda maalumu, mwandishi awe mwadilifu, na wawepo mashahidi wawili wanaume, au mwanamume mmoja na wanawake wawili. Anakataza watu kuchoka kuandika, deni likiwa dogo au kubwa, na anakataza mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Biashara ya mkono kwa mkono imeruhusiwa isiandikwe. Aya inayofuata inazungumzia walio safarini wasiopata mwandishi, nao wakaelekezwa kwenye rehani.

Mafaqihi wamehitilafiana kuhusu amri hii. Jamhuri ya wanavyuoni wanaona kwamba kuandika ni sunna, ambapo Imam Tabari na Ibn Hazm wameona kuwa ni wajibu. Lakini hata kwa wale wasioona wajibu, hakuna aliyesema kuwa kuandikiana ni utovu wa adabu. Sisi leo tumelifanya hivyo. Mtu akimkopesha shemeji yake laki tano akataka waandikiane, huambiwa, "Kwani huniamini?" Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wakasema pia kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hizi watoto huzikariri kwa ajili ya mtihani wa Kiswahili, lakini hawafundishwi kulipiga mistari hilo daftari lenyewe.

Kuna nukta moja katika aya hii ambayo tungependa msomaji aizingatie kwa makini. Anayesema maneno ya kuandikwa ni mdaiwa. Mwenye kudai hakupewa kazi hiyo. Ikiwa mdaiwa ni dhaifu au hawezi kusema, basi msimamizi wake atasema kwa niaba yake kwa uadilifu. Hekima yake iko wazi: maneno yanapotoka kinywani mwa mdaiwa, huwa ni kukiri kwake mwenyewe, na mwenye fedha hapati nafasi ya kupenyeza sharti ambalo mwenzake hakulijua. Sasa linganisha na mikopo ya mitaani ambayo watu wa Tanzania wameiita kausha damu, au mikopo ya kwenye simu ambapo mkopaji hubonyeza "nakubali" bila kusoma hata mstari mmoja. Mwenye kudai ameandika kila kitu, pengine kwa lugha asiyoielewa mdaiwa, na mdaiwa ametia sahihi tu. Suala la riba lina mlango wake na hatutaliingia hapa. Tunasema tu kwamba kijana aliyefundishwa kuisoma aya hii kama somo la vitendo angejua kuwa kabla ya kutia sahihi ana haki ya kuuliza: nimekopa kiasi gani, nitarudisha kiasi gani, lini, na nikichelewa itakuwaje. (Akina mama wa vikoba, ambao wengi wao hawakupita hata kidato cha kwanza, wanalijua hili vizuri kuliko wasomi wetu wengi. Daftari lao husomwa mbele ya wote kila wanapokutana.)

Ama kuhusu hesabu, hapa pana historia ambayo inafaa kila mwalimu wa hisabati aijue. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha al-jabr wal-muqabala mjini Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833. Jina la somo la aljebra limetokana na kitabu hicho. Katika dibaji yake alieleza kuwa amekusudia hesabu ambazo watu huzihitaji katika mirathi, wasia, ugawaji, mashauri na biashara, na katika kupima ardhi na kuchimba mifereji. Na hakuishia kwenye dibaji tu, kwani karibu nusu ya kitabu ni mas'ala ya wasia na mirathi.

Tutoe mfano mmoja katika mas'ala yake. Mtu amefariki akaacha watoto wawili wa kiume na dirhamu 10 taslimu. Mmoja wa watoto hao alikuwa anadaiwa na baba yake dirhamu 10 nyingine, na hana cha kulipa. Baba ameusia thuluthi ya mali yake apewe mtu asiyekuwa mrithi. Je, kila mmoja atapata nini? Ugumu uko hapa: kinachoweza kupatikana katika lile deni ni fungu la mwana mdaiwa tu, ambalo atakatwa; lakini fungu lenyewe halijulikani mpaka mali yote ijulikane. Al-Khwarizmi alikiita kile kisichojulikana "shay'", yaani kitu. Mali yote ni 10 na kitu kimoja. Thuluthi moja ni ya wasia, na kila mwana ana thuluthi, kwa hiyo 10 na kitu ni sawa na vitu vitatu. Basi vitu viwili ni 10, na kitu ni 5. Aliyeusiwa anapata dirhamu 5, mwana asiye na deni anapata 5, na mwenye deni fungu lake la 5 limekwisha kukatwa katika deni. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuitatua mas'ala hii kwa mistari mitatu.

Kitabu hiki kilipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, akiwemo Robert of Chester aliyekifasiri mwaka 1145, wafasiri walichukua sehemu ya mwanzo yenye kanuni na wakaiacha sehemu ya mirathi. Hilo si la kuwalaumu sana, kwani sheria yao ya mirathi ilikuwa nyingine. La kushangaza ni kwamba aljebra iliporudi kwetu kupitia shule za kikoloni ilirudi ikiwa imekatwa hivyo hivyo, nasi tukaipokea bila kuuliza nusu yake ya pili iko wapi.

Sasa tuingie katika mirathi yenyewe. Kosa kubwa linalofanyika majumbani ni kukimbilia kugawa kabla ya wakati wake. Katika aya ya 11 na ya 12 za Suratun Nisaa, Mwenyezi Mungu amekariri mara nne kwamba mafungu hutolewa baada ya wasia na deni. Wanavyuoni wakapanga utaratibu huu: kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi ya kilichobaki, na mwisho ndiyo mirathi. Deni limetangulizwa mbele ya wasia ingawa katika matamshi ya aya limekuja nyuma. Inatosha kukumbuka kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada alipojitolea kulilipa.

Na katika madeni kuna moja linalosahauliwa karibu kila msiba, nalo ni mahari ya mke yaliyobaki. Mwanamke aliyeolewa kwa mahari ya kulipwa baadaye, akafiwa kabla ya kulipwa, huyo ni mdai kabla ya kuwa mrithi. Apewe kwanza deni lake kamili, kisha ahesabiwe fungu lake. Wajane wengi hawalijui hili, na wanaolijua huona haya kulitaja mbele ya wakwe. Vilevile pilau la hitima na arobaini halimo katika gharama za mazishi. Kuchinja mbuzi wa marehemu na kuwalisha waombolezaji, hali ya kuwa miongoni mwa warithi wamo watoto wadogo, ni kula mali ya yatima, na onyo lake liko katika aya ya 10 ya sura hiyo hiyo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mfanyabiashara amefariki na kuacha fedha na bidhaa zenye thamani ya shilingi 30,000,000. Mazishi yamechukua 500,000. Madeni yake, pamoja na mahari ya mkewe, ni 3,500,000. Ameusia 2,000,000 zipewe msikiti. Zimebaki 24,000,000. Warithi wake ni mke, mama, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mke, kwa kuwa marehemu ana watoto, ana thumuni, yaani moja ya nane. (Neno hili wengi wetu tunalijua kwa sarafu ya senti hamsini tu.) Mama ana sudusi, moja ya sita. Kigawe kidogo cha shirika cha 8 na 6 ni 24. Mke ana mafungu 3, mama 4, na 17 yaliyobaki ni ya watoto, mwanamume akipata mara mbili ya binti. Basi mke anapata 3,000,000, mama 4,000,000, mtoto wa kiume 8,500,000, na kila binti 4,250,000. Jumlisha, utapata 24,000,000 kamili. Hapana hatua hata moja hapa isiyofundishwa katika shule ya msingi.

Iko sehemu nyingine ambayo si ya hesabu, lakini kutoijua kumeharibu nyumba nyingi. Tanzania Bara, mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu hufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, nayo humteua msimamizi. Zanzibar na Kenya kuna mahakama za Kadhi. Msimamizi wa mirathi ni mwaminiwa tu. Kuteuliwa kwake hakumpi umiliki wa nyumba wala shamba. Kwa Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi 4 apeleke orodha ya mali na madeni. Wangapi wamemwona kaka mkubwa akirudi na barua ya mahakama mkononi, wakadhani amepewa mali, wakahama?

Itasemwa kwamba mambo haya yapo madrasani na katika somo la dini. Ni kweli, wapo vijana waliohifadhi matni ya Rahbiyya tangu mwanzo hadi mwisho, na tunawapongeza. Lakini anayehifadhi mafungu bila kugawa mali hata mara moja anafanana na aliyehifadhi majina ya nyota na hajawahi kupanda chombo. Katika mtaala ulioanza Tanzania mwaka 2024, somo la biashara limewekwa kwa wanafunzi wa sekondari, nayo ni hatua njema. Hata hivyo, faida na hasara za duka ni mlango mmoja tu, na watoto wengi watafiwa kabla ya kufungua duka.

Mwalimu wa hisabati hana haja ya kusubiri mtaala mwingine. Abadilishe swali moja tu: palipoandikwa machungwa 24 aandike milioni 24, na wanaogawana wawe mjane, mama, kijana na mabinti wawili. Na kabla hawajaanza kugawa, awafundishe kumuuliza mjane kama mahari yake yalilipwa.