Mwendokasi Ni Mali ya Mtu wa Rondo Pia

Ndugu zetu wa Rondo wakitaka kuja Dar es Salaam hushuka kwanza kutoka uwanda wao wa juu, ambao kimo chake chafikia karibu mita 900 juu ya bahari, wakaifuata barabara kuu itokayo Masasi mpaka Mingoyo, kisha Lindi, Nangurukuru, Somanga na Ikwiriri. Kabla ya mwaka 2003, ulipofunguliwa wa Mkapa kuwa daraja juu ya mto Rufiji, msafiri wa Kusini alisubiri kivuko kwa saa nyingi, na masika yakikolea alikaa njiani kwa siku kadhaa akiishi kwa muhogo wa kununua. Leo safari hiyo ni ya siku moja. Hilo ni jambo la kushukuriwa, na sisi hatuoni haya kulitaja.

Lakini twaona kwamba kwa wengi wa wasafiri hao taabu iliyobaki haiko tena Rufiji. Iko Mbagala Rangi Tatu, mahali ambapo mgeni hushuka katika basi la mkoa, furushi lake begani, akatazama mbele yake vituo vikubwa vilivyojengwa katikati ya Barabara ya Kilwa, mageti ya kuzunguka, watu wanaokwenda upesi bila kusema neno, na mabasi marefu yanayopita katika njia yao wenyewe. Barabara hiyo ina jina la nchi ya pwani anakotoka yeye. Hata hivyo yeye ndiye ajionaye mgeni hapo kuliko wote.

Yafaa tukumbushane kwanza chombo hiki ni nini. Miji mingi mikubwa ya dunia, jiji likizidiwa na watu, huchimba ardhi na kupitisha gari moshi chini yake. London ilifanya hivyo mwaka 1863, na katika Afrika Cairo ilitangulia mwaka 1987. Majirani zetu wa Addis Ababa walifungua reli yao nyepesi mwaka 2015. Dar es Salaam ilichagua njia iliyo rahisi zaidi kwa mfuko, kama Bogotá ilivyofanya mwaka 2000: mabasi makubwa yapewe njia zao, yasichanganyike na motokaa nyingine, na abiria alipe kabla ya kupanda. Huduma ilianza Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya kwenda Morocco na Gerezani, jumla ya kilomita 21 hivi. Nauli ya njia kuu wakati huo ilikuwa shilingi 650. Awamu ya pili ndiyo iliyoleta njia hizo katika Barabara ya Kilwa mpaka Mbagala. Wakubwa waliuita mradi wa mabasi yaendayo haraka. Wananchi wakaona jina hilo ni refu mno, wakasema mwendokasi, na jina la wananchi ndilo lililoshinda.

Sasa, kuna jambo moja ambalo wapangaji wa usafiri huu, pamoja na werevu wao wote, hawakulipa uzito lililostahili. Mwendokasi hauna konda. Ndugu msomaji ambaye amezaliwa mjini atasema, heri! Konda wa daladala tunamjua sote: kelele, kusukuma, chenji isiyorudi, na maneno ambayo hayaandikiki katika gazeti. Tangu mwaka 1983, watu binafsi waliporuhusiwa kuendesha mabasi ya abiria mjini, wafanyakazi wa jiji hili wamemlalamikia konda, na mara nyingi wamekuwa na haki.

Lakini mtazame konda kwa jicho la mama aliyetoka Chiponda au Mnara. Kwake yeye konda alikuwa ramani. Alisimama mlangoni akatangaza kwa sauti kuu mahali gari liendako, naye mama hakuhitaji kusoma kibao chochote. Mama alimwambia, "Mwanangu, unishushe hospitali," na yule kijana, ingawa mdomo wake mchafu, alimjibu, "Kaa hapo, mama, nitakuambia," na mara nyingi alimwambia kweli. Tulipomwondoa konda tuliondoa kelele, na pamoja na kelele tukaiondoa sauti iliyokuwa ikimwongoza asiyeujua mji. Mahali pake tukaweka geti, na geti haliwezi kuulizwa swali.

Basi ni lazima mtu mwingine abebe kazi hiyo. Kwanza ni mgeni mwenyewe. Matumizi ya mwendokasi si elimu ya chuo kikuu, na ndugu wa tawini aliyekwisha kusafiri aweza kuwaeleza wenzake kwa robo saa kabla hawajashuka Rondo. Mambo yenyewe ni haya. Nauli hulipwa kituoni, si ndani ya basi. Ukiisha kulipa, kwa kadi au kwa tiketi, tunza ulichopewa mpaka umepita geti. Kituo kina pande mbili, upande wa kwenda mjini na upande wa kutoka mjini, na anayesimama upande usio wake atapelekwa mbali na aendako, kwa hiyo uliza kabla ya kusimama. Sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi, hakuna ngazi ya kupanda, nayo milango itumikayo vituoni iko upande wa kulia, kinyume cha daladala. Tazama maandishi yaliyo juu ya kioo cha mbele, maana mabasi mawili yanayofuatana yaweza kuwa na safari mbili mbalimbali: moja Kivukoni, jingine Gerezani. Tena yako yanayosimama kila kituo, na yako yanayopita vituo vingine bila kusimama. Mgeni asiyeuliza hili huona kituo chake kikipita dirishani, akapiga ubao wa basi kwa kiganja kama afanyavyo katika gari la kijijini, wala dereva hasikii.

Anayekwenda Muhimbili kwa matibabu, na hao ni wengi miongoni mwa wageni wetu wa Kusini, na ajue kwamba kituo cha njia kuu kilicho karibu ni kile cha Fire, pale ambapo Barabara ya Morogoro yakutana na ile ya Umoja wa Mataifa. Akitoka Mbagala akafika Gerezani, hana budi kubadili basi, apande liendalo upande wa Kimara. Kutoka Fire bado kuna mwendo, na mgonjwa asiaminishwe kwamba ni hapo hapo, atafute bajaji. Na asisafiri asubuhi wakati wafanyakazi wanakwenda kazini, wala jioni wanaporudi, ikiwa aweza kuchagua. Saa hizo hata kijana mwenye nguvu husukumwa, sembuse mzee mwenye furushi la unga wa muhogo na korosho za kuwapelekea wajukuu.

Hayo ni ya mgeni. Ya mwenyeji ni mazito zaidi.

Tumezoea kusikia vituoni neno "mshamba". Mzee anapokosea geti, anapogeuza kadi juu chini, anapouliza mara ya pili, huwapo kijana mmoja wa kulitamka neno hilo na wengine wa kucheka. Twauliza: mshamba ni nani? Ni mtu wa shamba. Na fedha za kigeni ambazo nchi hii hulipia madeni yake zatoka wapi? Sehemu yake kubwa yatoka ardhini, nasi tukitaja Lindi twataja korosho na ufuta. Njia za mwendokasi zilijengwa kwa mikopo, ya kwanza kutoka Benki ya Dunia na ya Mbagala kutoka Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mikopo hulipwa na taifa zima. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kutuonya juu ya jambo hili hili: kwamba fedha za kukopa hutumika zaidi mijini, hali wakulima wana sehemu kubwa katika kuzilipa, na kwamba tusipojihadhari watu wa miji watakuwa wanyonyaji wa watu wa vijiji. Kwa hiyo yule mzee aliyesimama mbele ya geti, asijue aiguse wapi kadi yake, hakuja kuomba lifti. Amekwisha kulichangia basi lile kabla hajaliona, na kituo kimoja hata kimoja hakijajengwa kwake huko Rondo.

Wala si kweli kwamba watu wa huko hawajaona vyombo. Wazee wa upande ule waliiona reli ya Kusini, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya karanga za Waingereza, ikatoka pwani ya Lindi kuelekea Nachingwea. Karanga zilishindwa, na reli ikafungwa mwaka 1962. Magogo ya mvule ya misitu ya Rondo nayo yaliteremshwa yakaenda kujenga kwingine. Na wakati wa vita vya kwanza vya dunia, mwezi Oktoba 1917, Waingereza na Wajerumani walipopigana Mahiwa, karibu na Rondo, Waafrika ndio waliobeba mizigo yao kichwani. Jina la wapagazi hao, Kariakoo, ndilo jina la mtaa ambao mwendokasi huupita kila siku. Anayemcheka mgeni wa Rondo pale Gerezani amesimama juu ya kumbukumbu ya wapagazi hao asijue.

Twataka nini basi? Twataka kila kituo kikubwa, na Rangi Tatu kabla ya vyote, kiwe na ubao mpana wenye majina ya vituo vyote kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili. Wako wazee waliojifunza kusoma katika kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970. Walijifunza Kiswahili, nao wanasoma bado, ila macho yamepungua nguvu na Kiingereza hawakufundishwa. Twataka sauti ndani ya kila basi itaje kituo kinachofuata, mapema, wala si mlango unapofungwa. Twataka awepo mfanyakazi mmoja upande wa nje wa geti, ambaye kazi yake si kukagua tiketi bali ni kujibu maswali, na ajibu kama anavyomjibu mama yake. Gharama ya mtu huyo ni ndogo ukiilinganisha na bei ya basi moja.

Wafanyakazi mnaopanda kila siku nanyi mna sehemu yenu. Wengi wenu mmesimama foleni mpaka miguu ikafa ganzi, na twajua kuwa mabasi hayatoshi wakati wa asubuhi, na kwamba mvua kubwa zikinyesha maji ya mto Msimbazi yamewahi mara nyingi kuifunga njia pale Jangwani. Uchovu huo ni wa kweli, na lawama zake zipelekwe kwa wanaohusika. Mzee aliyebeba furushi hakuwapunguzia mabasi. Ukimwona anasita, mwamkie, "Shikamoo, mzee, waenda wapi?" Atakuonyesha karatasi ya hospitali, imekunjwa mara nne, imeandikwa na mjukuu wake. Isome, umpeleke upande unaostahili, umsubirie mpaka basi lake lifike kama una dakika tano; kama huna, mkabidhi kwa mwingine anayekwenda njia hiyo hiyo, na umtajie mzee jina la kituo mara mbili.