Obezite kwetu Butembo na Beni inaanzia shambani

Hapa Butembo mama akiongeza kilo wanamuambia: « Umekuwa muzuri, bwana anakutunza. » Akikonda, majirani wanaanza kuuliza iko na ugonjwa gani. Njo maana unene unaingia kwetu polepole na hakuna anayeshtuka.

Hesabu ya OMS iko rahisi. Gawanya kilo zako na urefu wako kwa meta, kisha gawanya tena na urefu ule ule. Ukipata 30 ao zaidi, ni obezite. Mutu wa meta 1,60 anaifikia na kilo 77.

Wengi wanasema ni ugonjwa wa matajiri. Mimi nilisoma agronomia, naangalia kwanza shamba. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika teritware ya Beni yamefukuza wakulima Mbau, Oicha, Eringeti na upande wa Kamango. Mama aliyekuwa anatembea saa nzima na jembe, anarudi na lengalenga, maharagi na ndizi, leo anapanga chumba mu muji na anauza mandazi akiwa amekaa. Chakula ananunua. Na kwa franka kidogo, kinachojaza tumbo mbio ni bundu ya muhogo, mafuta na sukari. Mashamba mengine yamegeuka kakao: inaleta pesa, lakini haipikwi mu chungu.

Tuangalie ndani ya sahani. Gramu 100 za unga wa muhogo zinatoa kalori karibu 350, lakini protini haifiki gramu 2. Maharagi makavu, kalori ni karibu sawa, protini inapita gramu 20! Kijiko kikubwa cha mafuta ni kalori 120. Chupa ya sukre ya santilita 30 iko na karibu gramu 30 za sukari, zaidi ya nusu ya ile OMS inaruhusu mutu kwa siku. Na sisi tunaiita heshima ya mugeni.

Njo maana mu nyumba moja unaweza kuona mama wa kilo 90 na mutoto asiyekua. Uchunguzi wa EDS wa 2013-2014 ulikuta watoto 43 kwa 100 wa chini ya miaka 5 katika RDC wako wafupi kuliko umri wao. Bundu ile ile inawashibisha wote wawili.

Kisha inakuja tansio ao diabete, dawa za kila siku, na familia njo inalipa. Kiwanja kinauzwa, minervali ya watoto inakosa. Mutu akianguka ghafla, wanatafuta nani alimuroga, kumbe tansio yake haikupimwa hata siku moja.

Kuambia mama yule afanye sport ni kumuchekesha. Gunia la udongo mu parsele, hapo sawa: lengalenga inavunwa kisha wiki 4 hivi. Lakini gunia litampa majani tu. Kwa maharagi anahitaji shamba ambalo anaweza kufika na kurudi akiwa muzima.