Dawa ya Sumu ya Pepopunda Katika Mwili wa Panya

Pepopunda huua kwa sumu. Bakteria wake hukaa udongoni na kwenye samadi wakiwa chembe ngumu zinazodumu miaka mingi, kisha huingia mwilini kwa jeraha la jembe, kwa mwiba, au kwa kitovu cha mtoto mchanga kilichokatwa na wembe mchafu. Goweko, kijiji cha wakulima na wafugaji kwenye Reli ya Kati mkoani Tabora, hatari hizo zote zipo.

Sumu hiyo hupanda ndani ya mishipa ya fahamu mpaka uti wa mgongo, na huko huzuia ujumbe unaolegeza misuli. Panya akidungwa mguuni, mguu uleule ndio hukakamaa kwanza: hunyooka kwa nyuma, haukunjiki. Mkia hufuata, kisha mwili mzima.

Desemba 1890, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato, wa maabara ya Robert Koch mjini Berlin, walitangaza dawa ya majaribio. Walimzoesha sungura pepopunda hadi akastahimili, wakachukua majimaji ya damu yake, yaani seramu, wakawadunga panya tumboni. Panya hao walipoambukizwa walibaki wazima. Wasiopewa seramu walikufa kabla ya siku mbili kwisha. Hata sumu yenyewe ilipochanganywa na seramu kabla ya kudungwa, haikuwadhuru.

Lakini jambo kubwa zaidi ambalo panya wamefundisha ni muda. Kingamwili za seramu hunasa sumu ambayo bado iko huru. Ile iliyokwisha kuzama ndani ya mshipa wa fahamu haziifikii. Kila saa inayopita dozi inayohitajika huongezeka, mpaka hakuna dozi inayotosha. Hivyo mgonjwa aliyekwisha kaza taya hupewa dawa ili tu hali isizidi kuwa mbaya, na mwili huachiwa wiki kadhaa ujirekebishe. Seramu ya farasi, iliyotumika miaka mingi, pia iliwaletea wengine mzio mkali. Kingamwili za binadamu zilizotengenezwa maabara, zilizowakinga panya katika utafiti wa 2021, zimekusudiwa kuondoa tatizo hilo.

Kwa sababu dawa huchelewa kirahisi, Tanzania iliweka nguvu kwenye chanjo ya wajawazito, na 2012 ikathibitishwa kudhibiti pepopunda ya watoto wachanga: chini ya mgonjwa 1 kwa kila vizazi hai 1,000 katika kila wilaya. Chembe bado zimo udongoni, na mkulima mwanamume asiyechanjwa hakingwi na chanjo ya mkewe.