Modemu Inapokatika Kwenye Kompyuta ya Linux

Swali linalofika mara nyingi katika ofisi yetu ya mradi hapa Levolosi, Arusha, halihusu visima wala mikopo. Linahusu modemu. Karani wa usharika amechomeka modemu ya USB kwenye kompyuta yenye Linux, intaneti imekuja, ameanza kutuma taarifa ya robo mwaka pamoja na picha, na kabla faili halijafika nusu mawasiliano yamekatika. Anaunganisha tena, yanakatika tena. Kamati inapokaa, mapendekezo huwa ni mawili: inunuliwe modemu mpya, au Linux iondolewe. Yote mawili ni gharama, na fedha iliyopo ilikwishatengwa kwa kazi nyingine. Hivyo basi, katika toleo hili tunaeleza namna ya kujua mawasiliano yanakatikia wapi kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwanza neno kwa wahisani wanaouliza kwa nini tunatumia Linux. Kompyuta nyingi za sharika ni zile zilizokwishatumika, ambazo ninyi wenyewe mlitupatia. Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine hizo za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11. Linux haina ada ya leseni, na virusi vile vinavyohama na flashi toka kompyuta hadi kompyuta havipati pa kukaa. Wala si kitu kigeni nchini kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya bure inayozungumza Kiswahili.

Sasa modemu yenyewe. Hii ni simu ndogo isiyo na kioo wala betri. Ukiichomeka, aina nyingi hujitambulisha kwanza kama CD yenye programu za Windows, si kama modemu. Kwenye Linux, programu iitwayo usb-modeswitch huiamuru igeuke. Ikishageuka, ModemManager huzungumza nayo na NetworkManager hukamilisha muunganisho. Andika amri lsusb kwenye dirisha la amri, utaona orodha ya vyote vilivyochomekwa. Modemu za Huawei huanza na namba 12d1. Ukiona 12d1:1446, hiyo bado inajifanya CD. Ikigeuka, sehemu ya pili ya namba hubadilika, mathalani kuwa 1001. Isipobadilika, hakikisheni usb-modeswitch imewekwa. Lakini modemu ambayo haikuunganika kabisa ni tatizo moja, na inayounganika kisha ikakatika ni tatizo jingine. Hapa tunashughulika na hilo la pili.

Ugumu ni kwamba kwenye kioo dalili ni ile ile, kumbe sababu ni mbalimbali. Kompyuta inaweza kuwa imeipoteza modemu. Modemu inaweza kuwa imeupoteza mnara. Au vyote ni vizima na kifurushi ndicho kilichoisha. Linux ina wema mmoja: huandika kila linalotokea. Fungueni dirisha la amri, andikeni journalctl -f (ikikataa, tangulizeni neno sudo), kisha liacheni wazi wakati mnatuma faili. Mawasiliano yakikatika, msiguse kitu. Someni mistari ya mwisho. Mkiona maneno "USB disconnect", kompyuta imeipoteza modemu kabisa, kama vile mtu ameichomoa kwa mkono. Mkiona "Modem hangup", au mstari unaotaja LCP na kukosa majibu, kompyuta bado inaiona modemu, ila upande wa mtandao umekatika. Na kama hakuna mstari wowote mpya, muunganisho unaonekana upo lakini kurasa hazifunguki, anzeni na kifurushi.

Tukae kidogo kwenye "USB disconnect", kwa sababu ndiyo inayowafanya watu wanunue modemu mpya bure. Tundu la USB la kawaida, yaani USB 2.0, linapaswa kutoa volti 5 na hadi miliampia 500. Modemu ikiwa imetulia hutumia kidogo tu. Inapotuma, na hasa inapotuma kwa mnara ulio mbali, hupandisha nguvu na kukaribia kikomo hicho. Hii ndiyo sababu karani anaweza kusoma barua pepe asubuhi nzima bila tatizo, halafu kutuma taarifa kukashindikana: kusoma ni kupokea zaidi, kutuma picha ni kutoa zaidi. Kwenye kompyuta kubwa ya mezani, matundu ya mbele yameunganishwa kwa nyaya nyembamba zinazopita ndani ya kasha. Ya nyuma yako kwenye ubao wenyewe. Hamisheni modemu nyuma. Kama mnatumia waya wa kuongezea ili modemu ifike dirishani, tafuteni mfupi na mnene, kwa maana ule mrefu mwembamba hupunguza volti njiani. Ikiwa bado inakatika, tumieni kigawanyio cha USB chenye adapta yake ya umeme wa ukutani. Kifaa hiki kilimaliza tatizo katika kompyuta moja ya ofisi yetu iliyokuwa ikikatika kila ilipotuma picha, na hakuna kilichobadilishwa ndani ya Linux. Vile vigawanyio visivyo na adapta havisaidii. Vinagawa umeme ule ule mdogo kwa watu wengi zaidi.

Kwenye kompyuta za mkononi kuna jambo la ziada. Programu za kuokoa betri, kama vile TLP, hulaza vifaa vya USB vinavyoonekana havina kazi, na baadhi ya modemu zikilazwa haziamki vizuri. Kama TLP imewekwa, fungueni faili /etc/tlp.conf kwa ruhusa ya msimamizi, muongeze mstari huu wenye namba ya modemu yenu kama lsusb inavyoionyesha baada ya kugeuka:

USB_DENYLIST="12d1:1001"

Kisha washeni kompyuta upya. Hapo TLP itaiacha modemu macho.

Kama kumbukumbu zinasema "Modem hangup", tugeukie mnara. Andikeni mmcli -L, mtapata namba ya modemu; kama ni 0, andikeni mmcli -m 0. Katika maelezo yatakayotokea tafuteni nguvu ya mawimbi kwa asilimia, na kama modemu iko kwenye 2G, 3G au 4G. Sisi tukiona chini ya asilimia 30 hatuendelei na jambo jingine lolote. Tunahamisha modemu kwanza. Sharika zilizo kwenye miteremko ya Mlima Meru zinajua hali hii. Mgongo mmoja wa kilima ukikaa kati ya ofisi na mnara, mawimbi yanapotea, na ukisogea hatua chache upande wa pili wa jengo yanarudi. Paa la bati na nondo za ukutani huzuia pia. Dirisha linalotazama mnara lina thamani kuliko modemu mpya.

Hapa Levolosi minara si ya kutafuta, lakini watu ni wengi. Mnara wa 3G una tabia ya kupungukiwa na eneo kadiri watumiaji wanavyoongezeka: saa za msongamano, aliye pembeni anaachwa nje ingawa asubuhi alikuwa ndani. Modemu iliyo kwenye mpaka huo huhangaika, mara 3G, mara 2G, na kila inapohama kuna nafasi ya muunganisho kuvunjika. Mnaweza kuizuia isihame:

sudo mmcli -m 0 --set-allowed-modes=3g

Fanyeni hivyo pale tu 3G ina nguvu ya kutosha. Vinginevyo mtakuwa mmejifungia nje. Kwa modemu ya 4G, andikeni 4g badala ya 3g. Na kama taarifa ni kubwa, itumeni alfajiri. Hilo halihitaji amri yoyote.

Kuhusu kifurushi hatuna mengi. Modemu haina kioo cha kuonyesha ujumbe wa salio, hivyo chomoeni laini, iwekeni kwenye simu, muangalie. Angalieni pia imesajiliwa kwa jina la nani. Tangu tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungiwa, na tunazo sharika ambazo laini ya ofisi iko kwa jina la mtumishi aliyekwishahamishwa. Siku laini hiyo ikipata shida, mwenye kidole hayupo.

Baadhi mmeuliza kwa nini tusitumie intaneti ya simu tu. Inafaa, na kwa usharika usio na modemu tunaishauri. Ila simu ni ya mtu, naye akiondoka kwenda mazikoni au semina, intaneti ya ofisi imeondoka naye. Modemu hubaki kwenye droo ya mtunza hazina.

Tukumbushe pia kuwa modemu za siku hizi nyingi hujitambulisha kama kadi ya mtandao na huwa na ukurasa wake wa mipangilio, unaofunguliwa kwenye kivinjari kwa kuandika namba kama 192.168.8.1. Kwa hizo amri za mmcli hazitafanya kazi; nguvu ya mawimbi itazameni kwenye ukurasa huo. Yaliyosemwa kuhusu umeme, dirisha na kifurushi yanabaki vile vile.

Mkihitaji msaada wetu, msilete modemu peke yake. Andikeni aina ya kompyuta, mmechomeka tundu gani, ilikuwa saa ngapi ilipokatika, na mpige picha ya mistari ya mwisho ya journalctl kwa simu. Picha hiyo mara nyingi hutuwezesha kujibu siku hiyo hiyo, bila ninyi kupanda gari kuja mjini.