Goma Hatuna Mto, Lakini Mito Inatulisha



Juma lililopita tulikutana kama kawaida. Tulihesabu pesa za likelemba, tukaandika majina ya waliochelewa, na tulipotaka kufunga kikao, mama mmoja kati yetu, muuza sambaza wa Kituku, akatoa kitambaa chenye fundo na kukifungua mbele yetu. Ndani yake mlikuwa na samaki wadogo sana, wembamba kama njiti za kiberiti, hata miili yao inapitisha mwanga.

«Hawa ndio nililetewa asubuhi,» akasema. «Niwanunue ama niwaache? Nikiwaacha, jirani yangu atawanunua. Na kwangu kuna watoto wanne wanangoja.»

Hakuna aliyejibu upesi. Wengi wetu tumekwisha kununua samaki kama hao, tukawakaanga, tukawala. Kwa hiyo makala hii si ya kumnyooshea mtu kidole. Tulitaka kujua jambo moja: kwa nini ziwa linajaza beseni miezi fulani, na miezi mingine linatupa njiti za kiberiti? Tuliuliza wavuvi wa kwetu, tuliuliza waliosomea mambo ya ziwa, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Ziwa lina kalenda yake

Kila mama wa Goma anajua kalenda ya mbingu. Mvua za kwanza zinaanza Septemba na kufika Desemba. Januari na Februari zinapumzika kidogo. Kisha Machi hadi Mei zinarudi kwa nguvu, na Juni, Julai, Agosti ni vumbi jeusi la mawe ya volkano hadi ndani ya sufuria.

Maji ya Ziwa Kivu yanafuata kalenda hiyo, lakini yanachelewa kidogo. Yanapanda na mvua hadi kufikia kilele chake karibu na Mei. Halafu kiangazi kinayashusha polepole, na mwaka unapofika Septemba ama Oktoba ndipo yanakuwa chini kabisa. Tofauti si kubwa, mara nyingi haifiki mita moja. Lakini kwa samaki anayezaa kwenye maji yanayofika magotini, nusu mita ni kama nyumba nzima kubomolewa.

Kuna jambo lingine linalotendeka wakati wa kiangazi ambalo macho yetu hayaoni. Ziwa letu ni refu kwenda chini, karibu mita 485 mahali penye kina zaidi, na chini huko mmejaa gesi. Samaki hawezi kuishi humo. Chini ya mita 60 hivi hakuna hewa ya kuvuta. Samaki wote tunaowala wanaishi kwenye tabaka la juu tu, kama watu wanaokaa kwenye chumba kimoja cha nyumba kubwa. Mvua zikiwa nyingi, maji ya juu yanakuwa ya moto kidogo na yanatulia, hayachanganyiki sana na yaliyo chini yake. Lakini Juni hadi Septemba upepo unavuma, usiku unakuwa baridi, na maji ya juu yanazama na kuchanganyika na yale ya chini kidogo. Mchanganyiko huo unapandisha chakula, kama mama anayekoroga uji ili unga usiketi chini ya sufuria. Majani madogo sana ya majini yanaongezeka, vidudu vinayala, na sambaza wanakula vidudu hivyo.

Kwa hiyo upepo ule unaotuchosha mwezi wa saba, ukitia vumbi kwenye nguo tulizoanika, ndio unaopika chakula cha sambaza.

Ziwa lenye mlango

Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea: mto Ruzizi, pale Bukavu. Maji yanapita hapo, yanashuka mabonde hadi Ziwa Tanganyika karibu na Uvira. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 mlango huo una ukuta na kiwanda cha umeme, Ruzizi ya kwanza. Mwaka 1989 ikaja Ruzizi ya pili, inayotumiwa kwa pamoja na Kongo, Rwanda na Burundi. Kwa lugha nyingine, ziwa lote hili la kilomita za mraba karibu 2,400 limekuwa pia kama pipa kubwa la umeme. Wanaofungua na kufunga maji pale Bukavu wanagusa balbu zetu, na wanagusa pia ufuko wa Kyeshero, wa Bweremana, wa Idjwi.

Hatusemi umeme ni mbaya. Mama anayesaga unga kwa mashine na mama ambaye mtoto wake anasoma usiku wanajua thamani yake. Tunasema tu kwamba maji ni yale yale, na wanaoyahitaji ni wengi: mashine, samaki, na sisi tunaoteka kwa bidoni. Wakubwa wanapokaa kupanga maji ya umeme, ni haki kuuliza: je, samaki naye amehesabiwa?

Mito tusiyoiona

Mgeni akifika Goma anauliza: mto wenu uko wapi? Hatuna. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, na mawe hayo yana matundu kama sifongo. Mvua ikinyesha inazama chini, inapita gizani, na kuingia ziwani kwa chemchemi zilizo chini ya maji, ambazo nyingi ziko upande wetu wa kaskazini.

Lakini ukienda Minova, ukienda Kalehe, utaiona mito ikishuka milimani. Mito hiyo inaleta chakula kwa samaki, na kuna samaki wanaoipanda. Wale samaki wakubwa wenye sharubu ndogo mdomoni, ambao wataalamu wanawaita barbus, wanaacha ziwa mvua zinapojaza mito, wanapanda dhidi ya maji, wanatafuta changarawe safi na maji yanayokimbia, na huko ndiko wanakotaga. Mto ukikauka mapema, hawafiki. Mto ukijaa tope, mayai yanafunikwa na kufa.

Na tope tunalijua. Tarehe 4 Mei 2023, mito ya Kalehe ilitoka kwenye njia zake, ikafagia Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakapoteza maisha. Kuna kati yetu waliolia ndugu zao. Mlima uliovuliwa miti hauzuii maji tena. Mto wa namna hiyo kwanza unaua watu, na baadaye kimya kimya unaua mayai ya samaki.

Samaki wengine wa soko letu wanatoka Vitshumbi, kwenye Ziwa Edward. Kule mito Rutshuru na Rwindi inaingia ziwani, na sehemu zile za midomo ya mito na ghuba zenye maji mafupi ndimo samaki wanamozalia. Ndiyo sababu uvuvi umekatazwa humo. Kule kulikuwa pia na viboko zaidi ya 20,000 miaka ya 1970, na samadi yao ilikuwa mbolea ya maji. Vita na uwindaji viliwamaliza hadi kufikia mwaka 2005 walibaki chini ya 1,000. Na mto huo huo wa Rutshuru ndio unaozungusha mashine za Matebe, kiwanda kilichozinduliwa mwaka 2015, ambacho kinatumia maji yanayopita na kuyarudisha mtoni. Balbu ya Himbi na tilapia ya Vitshumbi wanakunywa maji ya mto mmoja.

Tilapia naye ni mama

Tuliposikia habari za tilapia tulinyamaza wote. Dume anachimba shimo kwenye mchanga, maji mafupi. Jike anataga humo, halafu anachukua mayai yote mdomoni mwake. Anayabeba hapo hadi yaanguliwe, na hata baada ya kuanguliwa, watoto wakiona hatari wanarudi mdomoni mwa mama. Siku zote hizo mama hali vizuri. Anakonda.

Mama mmoja akasema: «Basi ni kama sisi wakati wa kukimbia vita.» Hatukuongeza neno.

Watoto wa tilapia wakiachwa na mama wanajificha kwenye majani na matete ya ufukoni. Maji yakipanda na kufunika majani, wana nyumba na chakula. Maji yakishuka haraka ama majani yakikatwa yote, wanabaki wazi. Watoto wa sambaza nao wanapenda kukaa karibu na ufuko kabla hawajakomaa na kwenda katikati ya ziwa, kule mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja inakowasubiri na taa usiku wa giza. Sasa mtu akija na chandarua cha mbu, akakikokota ufukoni mchana, anachukua nini? Anachukua watoto tu. Wale njiti za kiberiti.

Ndugu wa sambaza kule Kariba

Sambaza si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1959. Miaka michache baadaye, mwaka 1967 na 1968, ndugu yake wa aina ile ile alipelekwa bwawa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, na kule wanamwita kapenta. Wamama wa kule wanamkausha na kumuuza kama sisi.

Kariba ni bwawa lililojengwa na watu, na kapenta wake wanategemea mito. Mvua ikiwa nzuri, mito inaingiza chakula na mavuno yanakuwa mazuri. Mvua ikikosa, vyote vinapungua. Mwishoni mwa mwaka 2022 maji yalishuka hata mashine za umeme za upande wa Zimbabwe zikaamriwa zisimame. Ziwa letu ni tofauti, lina kina na halijafika huko. Lakini tumeona mfano.

Kuhusu kupumzisha ziwa, majirani wameanza. Rwanda ina desturi ya kufunga uvuvi wa sambaza kama miezi miwili kwa mwaka. Kwenye Ziwa Tanganyika, mwaka 2024, uvuvi ulifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti kwa makubaliano ya nchi nne. Samaki hajui mpaka. Upande mmoja ukipumzisha na mwingine ukikokota chandarua, pumziko linakuwa nusu.

Tufanye nini nyumbani?

Wamama, ziwa hatuliamuru. Lakini beseni na pesa ni zetu. Tulikubaliana haya:

Kwanza, tununue na kukausha wakati wa wingi. Sambaza wakishuka bei, usile wote. Waoshe, waanike juu ya meza ama wavu, si chini kwenye vumbi, siku mbili tatu za jua kali, na uwafunike nzi wasitue. Wakikauka kabisa, watunze kwenye chombo kikavu chenye kifuniko.

Pili, sambaza mzima ni dawa ya mtoto. Kichwa na mifupa yake laini vinajenga mifupa na damu. Wakiisha kauka, watwange wawe unga, uchekeche vizuri, na utie kijiko kwenye uji wa sosoma wa mtoto aliyepita miezi sita. Ni bora kuliko kununua samaki mkubwa mara moja kwa mwezi.

Tatu, chandarua ni cha kitanda. Tukiona cha kwetu kimechanika, tukishone. Tusikiuze ufukoni. Malaria na njaa vitarudi vyote viwili.

Nne, kila kikundi kiweke sanduku la miezi mibaya. Siku za mbalamwezi mavuno yanapungua, na siku za kufungwa hakuna kabisa. Franka kidogo kila juma, mbali na likelemba, ziwe za muuza samaki atakayekosa bidhaa. Mkopo huo usiwe na faida. Bila sanduku hilo, kumwambia mama «usinunue wadogo» ni maneno matupu.

Tano, wenye shamba mlimani wapande miti ama majani ya ng'ombe kwenye kingo za mto, na wasilime hadi kwenye maji.

Mnataka kujua yule mama alifanya nini? Juma hili alikataa beseni moja ya wale wadogo. Jirani yake akainunua, kama alivyosema. Yeye akachukua lenga-lenga na vitunguu, akauza hivyo, na siku ile akarudi nyumbani na nusu ya pesa zake za kawaida. Kikao kilichofuata, sanduku lilifunguliwa kwa mara ya kwanza, naye akawa wa kwanza kukopa.

Na jirani yake? Alikuja naye. Amekaa nyuma, karibu na mlango, na kabla ya kutoka aliuliza kuingia kwenye kikundi kunalipwa ngapi.