Je, Wajua? Beki na Timu za Sukari

Je, wajua kwamba SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Awendo, Migori, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2006? Beki hukomaa kwa mechi nyingi ngumu, na timu kama hiyo iliwapa vijana wa Migori na Homa Bay ligi kuu karibu na nyumbani. Beki wa Kenya Joseph Okumu, kwa mfano, alichezea Chemelil Sugar, timu nyingine ya kiwanda cha sukari, kabla ya kwenda Afrika Kusini, Marekani na Uswidi. Akajiunga na Gent ya Ubelgiji mwaka 2021, kisha Reims ya Ufaransa mwaka 2023. Yupo atakayesema kipaji hakizuiliki. Cha mshambuliaji, pengine: mabao huhesabiwa. Sifa ya beki ni makosa asiyoyafanya, na hayo huonekana tu akitazamwa msimu mzima. Kwa hiyo SoNy ilipoondolewa ligi kuu mwaka 2019, baada ya kutofika uwanjani mara tatu, mabeki chipukizi wa eneo hilo ndio waliopoteza zaidi.